Ujira wa Anayejitolea



Swali ninalowaletea mwezi huu ni hili: Je, mtu anayetoa kazi yake bure kwa watu wote anawiwa pia upole kwa wale wanaokuja kumsaidia? Wako wanaosema kwamba hawiwi. Husema, "Nimewapa jasho langu bila kudai hata senti moja. Je, mnataka na tabasamu?" Neno hili lina nguvu, tena husikika hata katika kwaya zetu na katika kamati zetu za ujenzi. Kwa hiyo halifai kujibiwa kwa haraka.

Ili tulitazame vizuri, nimechagua mfano ulio mbali kidogo na madhabahu, ijapokuwa umo mifukoni mwetu kila siku. Nao ni mfano wa watu wanaotengeneza programu huria za kompyuta, na mikutano wanayokutania.

Programu huria ni kitu gani?

Kompyuta haiwezi kufanya jambo lolote isipokuwa imepewa maagizo. Maagizo hayo, yaliyoandikwa hatua kwa hatua, ndiyo yaitwayo programu. Makampuni mengi huuza programu kama vile mtu auzavyo mafuta ya alizeti katika chupa: utayapikia, lakini huwezi kuyapanda. Programu huria ni kama kupewa mafuta pamoja na mbegu yake. Maagizo yote yako wazi. Ukitaka kuyasoma, utayasoma. Ukitaka kuyarekebisha, utayarekebisha. Na ukiisha kuyarekebisha, waweza kumgawia jirani yako naye akapanda.

Mwaka 1983 Mmarekani aitwaye Richard Stallman alitangaza kwamba ataanza kutengeneza programu za namna hiyo. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Finland, akatoa kiini kiitwacho Linux, na watu wa mataifa mengi wakaja kukiendeleza. Leo simu zote za aina ya Android zimejengwa juu ya kiini hicho. Kadhalika, muuguzi wa zahanati ya Itigi au ya Mkalama anapopeleka taarifa yake ya mwezi, hesabu zake huishia katika DHIS2, programu huria inayotunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norway, pamoja na wenzao wa nchi nyingi, Tanzania ikiwamo.

Lakini mfano ulio karibu nasi zaidi ni ramani. Mwaka 2004 ilianzishwa Uingereza kazi iitwayo OpenStreetMap, yaani ramani ya dunia nzima inayochorwa na watu wa kujitolea, na kila mtu ana ruhusa ya kuitumia. Mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam pamoja na wananchi wa mitaa inayokumbwa na mafuriko walianza kuchora mitaa yao katika kazi iliyoitwa Ramani Huria. Mwaka huohuo Mwingereza Janet Chapman alianzisha Crowd2Map, ili vijiji vya Tanzania vilivyokuwa patupu katika ramani vipate kuonekana. Watu walio mbali hutazama picha zilizopigwa kutoka angani na kuchora nyumba na barabara. Kisha watu wa mahali penyewe, kwa simu zao, huongeza jina la kijiji, shule, zahanati, kisima na kanisa.

Sababu mojawapo iliyoanzisha kazi ile ni ya kuhuzunisha. Huko Serengeti, wasichana waliokuwa wakikimbia ukeketaji walihitaji kufuatwa usiku, na gari haliwezi kufika upesi katika kijiji ambacho hakimo katika ramani. Sisi wa Singida hatuwezi kusikia habari hiyo kama ya watu wengine. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015-16 uliutaja mkoa wetu kuwa miongoni mwa mikoa mitano iliyoongoza kwa ukeketaji. Basi anayechora njia ya kijiji fulani, hata kama hatakanyaga kijiji hicho maisha yake yote, huenda amemfungulia mtoto mmoja mlango.

Ujira wake ni upi?

Sasa turudi kwenye swali. Mtu huyu aliyechora njia halipwi. Amekaa jioni baada ya kazi zake, macho yakiuma, akachora nyumba mia mbili. Siku ya kwanza anakosea. Anachora mti akidhani ni paa la nyumba, au anaita barabara kile ambacho ni korongo la maji. Mwenyeji mwenye ujuzi anaona kosa. Anaweza kumwandikia, "Asante kwa kazi hii. Hapa umeona mti. Tazama kivuli chake, utautambua." Au anaweza kumwandikia, "Kama hujui kuchora, usituharibie ramani." Maneno yote mawili yanaonyesha kosa lilelile. Lakini aliyepata la kwanza atarudi kesho, na aliyepata la pili, mara nyingi, hamtamwona tena.

Watu husema kwamba mwenye kujitolea hana ujira. Mimi naona wanakosea. Kibarua aliyeajiriwa kulima vitunguu huweza kumvumilia msimamizi mwenye ukali kwa sababu jioni atapata fedha yake. Ujira wake uko mahali pengine, nje ya maneno ya msimamizi. Lakini anayejitolea hana jioni ya malipo. Anachopata ni kujua kwamba kazi yake imefaa, na kwamba yeye ni mmoja wa wenzake. Huo ndio ujira wake wote. Kwa hiyo ukimdharau mbele ya watu, umeuzuia ujira wake ukiwa umekwisha kuipokea kazi yake. Mtume Yakobo anawaonya vikali matajiri waliozuia malipo ya wavunaji wa mashamba yao. Sisi husoma onyo hilo tukawafikiria wenye mashamba makubwa. Inafaa tujiulize kama na sisi hatumo, sisi tusio na shamba wala fedha, lakini tulio na ulimi.

Tena liko jambo la ahadi. Aliyeweka tangazo akisema, "Njoni nyote, kazi hii ni ya wote," ametoa ahadi. Mgeni aliyeliamini neno lake akatoka kwake akaja, ana haki ya kukuta kwamba neno lile ni la kweli. Mlango ulio wazi bila mwenyeji wa kusema karibu humfanya mgeni asimame kizingitini asijue kama aingie au arudi. Wahenga wetu walisema mgeni apewe jembe siku ya tatu, na hekima yao ilikuwa na pande mbili: mgeni asigeuzwe mzigo, lakini pia asipewe jembe kabla hajala, hajapumzika, wala hajaonyeshwa mpaka wa shamba. Jamii nyingi za kujitolea hutoa jembe siku ya kwanza, kisha humkemea mgeni kwa kulima palipokwisha kupandwa.

Juu ya wale wanaosimama kusema

Watengenezaji wa programu huria hufanya kazi wakiwa mbali mbali, lakini hufunga safari kukutana. Mwezi wa Agosti 2018 mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, uitwao FOSS4G, ulifanyika Dar es Salaam katika Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Julius Nyerere, na kauli mbiu yake ilihusu kutomwacha mtu nyuma. Mwezi wa Novemba 2023 watumiaji wa programu iitwayo Django kutoka nchi mbalimbali walikutana Zanzibar, na huo ulikuwa mkutano wa kwanza wa Django kufanyika barani Afrika. Mtu angeuliza, Kwa nini kupoteza nauli, hali kila kitu kinaweza kuandikwa na kutumwa? Jibu ni lile linalotufanya sisi tusiridhike na kusikiliza ibada redioni. Mtu humwamini zaidi yule aliyewahi kula naye.

Katika mikutano hiyo wako wanaopanda jukwaani kusema. Nao wana wajibu mkubwa kuliko wanavyofikiri. Kijana aliyetoka Ikungi kwa basi, akakaa kiti cha nyuma, anasikiliza mambo mawili kwa wakati mmoja. Anasikiliza habari ya programu, na anasikiliza kama watu wa namna yake wana nafasi mahali hapo. Msemaji akisema kwa maneno magumu ili aonekane bingwa, kijana yule ataondoka akisema, "Hawa ni watu wa ajabu," lakini hatasema, "Na mimi naweza." Msemaji akieleza namna alivyoanza, alipokwama na nani aliyemsaidia, kijana ataondoka na kitu cha kufanya Jumatatu. Lugha nayo imo katika jambo hili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, walitoa programu ya ofisi katika Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Waliofanya kazi ile walielewa kwamba mtu anayesoma maagizo kwa lugha yake mwenyewe amekwisha kuambiwa karibu kabla hajagusa kitu.

Na msemaji anapokosea, afanyiweje? Hapa tunaye mwalimu mzuri katika Matendo ya Mitume, sura ya 18. Apolo alifika Efeso, mtu mwenye ufasaha na bidii, akasema kwa ujasiri katika sinagogi. Lakini alijua ubatizo wa Yohana tu. Mafundisho yake yalikuwa na pengo, na pengo hilo halikuwa dogo. Prisila na Akila walimsikia. Hawakusimama katikati ya watu kumwaibisha, wala hawakunyamaza wakaliacha pengo likae. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Matokeo yake ni kwamba Apolo alikwenda Akaya akawasaidia sana waumini. Kama angalivunjwa moyo siku ile, Kanisa la Korintho lingalikosa mtumishi, na Prisila na Akila wangalibaki na sifa ya kujua tu.

Pingamizi la kwanza: ukali hulinda kazi

Wako wanaosema kwamba upole huharibu kazi. Programu inayotumiwa na hospitali, au ramani inayoongoza gari la wagonjwa, ikiwa na kosa, mtu atakufa. Je, tubembelezane hali watu wanakufa? Kwa miaka mingi Linus Torvalds mwenyewe alijulikana kwa ukali wa maneno yake kwa waliomletea kazi mbovu, naye aliutetea ukali huo. Hatuwezi kukana kwamba Linux ilikua na kuimarika. Lakini haikukosa kulipa gharama. Mwaka 2015 mtengenezaji mmoja mwenye ujuzi alitangaza hadharani kwamba ameacha kazi ile kwa sababu ya namna watu walivyosemezana. Na walioondoka kimya kimya, nani aliyewahesabu? Hasara ya namna hii haina daftari, maana asiyekuja haandikwi.

Mwezi wa Septemba 2018 Torvalds aliwaandikia wenzake, akaomba radhi kwa wale aliowaumiza, akasema atapumzika kwa muda ili atafute msaada wa kuelewa hisia za watu. Mwezi huohuo Linux ikapokea kanuni mpya za mwenendo. Mwezi wa Oktoba alirudi kazini. Linux haikuanguka, kazi mbovu iliendelea kukataliwa kama zamani. Hapo tunaona kwamba mambo mawili yaliyodhaniwa kuwa ni kitu kimoja yanaweza kutenganishwa. Unaweza kuikataa kazi bila kumkataa aliyeileta. Apolo hakuambiwa kwamba mafundisho yake yanatosha. Upole unaonyamazia kosa ni uvivu uliovaa kanzu nyeupe.

Pingamizi la pili: wema huwafungulia wezi mlango

Pingamizi hili ni zito zaidi, na limetolewa mfano wa kutisha mwaka 2024. Ipo programu ndogo iitwayo XZ, ya kupunguza ukubwa wa mafaili, ambayo hutumika ndani ya mifumo mingi ya kompyuta duniani. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, bila malipo. Mwaka 2022 watu wasiojulikana walianza kumwandikia wakimlaumu kwamba anachelewa. Yeye aliwajibu kwamba hali yake ya afya ya akili ilimpunguzia nguvu, na kwamba kazi ile haina mshahara. Wakati huohuo mtu mwingine, aliyejiita Jia Tan, alikuwa akimsaidia kwa utulivu na uvumilivu. Polepole akapewa mamlaka. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mtu huyo akaficha ndani ya programu ile mlango wa siri ambao ungemwezesha kuingia katika kompyuta za watu. Aliyeugundua, mwezi wa Machi, ni mhandisi Andres Freund, aliyeona kwamba kompyuta yake ilichelewa kama nusu sekunde, akataka kujua sababu.

Basi mtu atasema, "Mwaona? Mpole ndiye aliyekuwa mwizi." Ni kweli, naye Bwana wetu alikwisha kutuonya juu ya mbwa mwitu waliovaa ngozi za kondoo. Lakini tutazame vizuri mwizi aliingilia wapi. Aliingilia katika uchovu wa mtu aliyeachwa peke yake. Maelfu walikula matunda ya mti ule, na karibu hakuna aliyeuliza mtunza mti anaendeleaje. Waliomkumbuka walimkumbuka kwa lawama. Kama wenzake wa kweli wangalikuwapo, wakimpokea mzigo na kuikagua kazi pamoja naye, mgeni yule asingekuwa msaada wake wa pekee. Upole unaowaangalia wageni tu, ukamsahau mwenyeji aliyechoka, ni upole nusu.

Nehemia aliyajua yote mawili. Alipoujenga ukuta wa Yerusalemu aliwapokea watu wa kila namna: makuhani, wafua dhahabu, watengeneza manukato, na mtu mmoja pamoja na binti zake. Aliwapa sehemu zinazowaelea, wengi wao mbele ya nyumba zao wenyewe. Aliandika majina yao, hata leo tunayasoma. Tena aliandika kwamba wakuu wa Watekoa hawakutaka kuinamisha shingo zao kufanya kazi. Na hatari ilipokuja, nusu walijenga na nusu walishika mikuki. Kukaribisha na kulinda vilikwenda pamoja, wala hakuna kilichoonekana kuwa kinyume cha kingine. Naye Musa, alipokuwa akijichosha kuamua mambo ya watu tangu asubuhi hata jioni, alishauriwa na mkwewe Yethro agawe mzigo. Ushauri ule ulikuwa upole kwa Musa na kwa watu pia.

Yatupasa nini?

Jamii za programu huria zilizostawi zimejifunza desturi chache ambazo hazihitaji fedha. Huweka kazi ndogo pembeni kwa ajili ya wanaoanza, ijapokuwa wazoefu wangezimaliza kwa dakika tano. Huhakikisha kwamba swali la kwanza la mgeni linajibiwa, hata kama limeulizwa mara mia. Hutaja majina ya waliofanya kazi. Huandika kanuni za mwenendo zinazojulikana na wote, ili asiye na mtetezi apate pa kushika. Hukagua kazi kwa macho zaidi ya mawili. Nao hujitahidi, ingawa si wote waliofaulu, kuwapumzisha walioshika mzigo kwa muda mrefu.

Sasa naomba tuitazame parishi yetu kwa macho hayohayo. Makanisa yetu ya bara hii yalikuzwa kwa sehemu kubwa na makatekista na wainjilisti wasiolipwa, au waliolipwa kidogo sana. Hata leo mitaa yetu mingi inaongozwa na watu wanaolima wiki nzima na kusimama kuhubiri Jumapili. Je, tunawapa ujira wao, ule usiokuwa wa fedha? Msichana wa TAYO anaposoma somo kwa mara ya kwanza akateleza katika majina ya Kiebrania, tunamcheka au tunakaa naye baada ya ibada? Mzee aliyeshika funguo za kanisa miaka ishirini, ni nani aliyemwuliza kama amechoka? Mgeni akiingia kwaya, mwalimu humwonyesha sauti yake, au humwacha ajitafutie hata akose, kisha humtoa?

Sisemi tuache kusahihishana. Anayesoma asome vizuri, anayeimba aimbe vizuri, anayetunza sadaka atoe hesabu na ikaguliwe. Nasema kwamba tunaloliandika nje ya milango yetu, kwamba wote wanakaribishwa, ni deni, na deni hilo hulipwa kwa ulimi na kwa muda wetu. Asiyekuwa na shilingi anaweza kulilipa, na tajiri anaweza kulikwepa maisha yake yote.

Basi Jumapili ijayo, kabla ya kutoka kanisani, kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja aliyefanya kazi isiyolipwa wiki hii: aliyefagia, aliyepanga maua, aliyepiga kengele. Amtaje kwa jina lake na kumshukuru kwa kazi ile hasa aliyoifanya. Na kama ana neno la kumsahihisha, amwalike nyumbani kwake, kama walivyofanya Prisila na Akila, amtengee chai kwanza.

Mungu awabariki.